Stesheni ya Reli ya Kati juu ya ubao: hatua kwa hatua, kwa vumbi na ukavu wa Dodoma

Tunajenga stesheni ndogo ya treni za mfano, ya reli ya zamani, ile yenye mita moja kati ya reli zake mbili, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Ina njia kuu, njia ya kupishania na jukwaa fupi. Urefu wote ni sentimita 240, upana 40, na inagawanyika vipande viwili vinavyobebeka. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu wa nchi zenye unyevu, na huko wanapambana na kutu. Dodoma adui ni vumbi na hewa kavu, ndiyo maana baadhi ya hatua hapa zinatofautiana na ulizozoea kuzisoma.

Kipimo kwanza, kabla ya kununua chochote

Reli ya HO (kipimo cha treni za mfano cha 1:87, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 87) ina upana wa milimita 16.5 na ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi ukiagiza nje. Kwa anayetaka SGR, reli mpya yenye upana wa milimita 1435, hesabu ni nyepesi: 1435 gawanya kwa 87 ni 16.5, kwa hiyo anatumia HO ilivyo, na shida yake itakuwa nguzo na nyaya za juu. Kwa reli ya mita moja, ukitumia HO kwa 1:87 treni itaonekana imekaa kwenye njia pana mno. Njia halisi ya kipimo hicho ni ya milimita 12, ambayo ni adimu na ghali.

Suluhisho ni kubaki na reli na magurudumu ya HO, lakini kila kitu kingine ukijenge kwa 1:64. Hapo milimita 16.5 inasimamia milimita 1056. Umezidisha sentimita tano na kitu, na hakuna jicho litakaloziona. Faida ya pili ni kubwa zaidi: magari mengi madogo ya chuma ya kuchezea yako karibu na 1:64, hivyo uwanja wa stesheni unaujaza kwa bei ya sokoni. Epuka mabasi na malori ya aina hiyo, kwa sababu hupunguzwa ili yaingie kwenye pakiti moja na magari madogo. Mtu wa kawaida awe na urefu wa milimita 26 au 27.

Hatua ya 1: Ubao

Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 12, futi 8 kwa 4, inatosha na kubaki. Kata vipande viwili vya sentimita 120 kwa 40. Fremu ya chini usiitengeneze kwa mbao za mbili kwa mbili. Mbao zinazouzwa bado zina maji ndani, na zikikaukia chumbani mwako kati ya Juni na Oktoba zitajipinda na kuvuta reli. Chana plaiwudi hiyo hiyo kuwa vipande vya sentimita 7, ugundishe na kufunga skrubu. Kila ubao unahitaji virefu viwili na vya kukatiza vitatu.

Paka vanishi pande zote mbili pamoja na kingo. Ukipaka juu tu, upande mmoja unakauka haraka kuliko mwingine na ubao unabinuka. Unganisha vipande viwili kwa boliti mbili za M8, zile za spana namba 13, ukitoboa fremu zote mbili kwa pamoja zikiwa zimebanwa.

Hatua ya 2: Kutandika reli

Nunua reli za kupinda tano za sentimita 91 na pointi mbili (vipande ambapo njia moja hugawanyika kuwa mbili) zenye nusu kipenyo cha sentimita 60 au zaidi. Pointi kali zaidi ya hapo huangusha mabehewa marefu.

Mataruma ya HO, vile vipande vinavyokatiza chini ya reli, yana urefu wa karibu milimita 30, ambayo kwa 1:64 ni mita 1.92. Hiyo inafaa kabisa. Kinachoharibu sura ni kwamba yamebanana mno. Geuza reli, kata kwa kisu viunganishi vya plastiki kati ya taruma na taruma, kisha uyasogeze mpaka katikati ya moja hadi katikati ya jingine pawe karibu milimita 10. Utabakiwa na mataruma ya ziada. Yahifadhi, yatafaa kwenye maungio.

Baada ya kukata viunganishi, reli inapoteza sehemu ya ukakamavu wake. Pima kwa kalipa kila sentimita 10: upana kati ya reli mbili usipungue milimita 16.5. Ikipungua gurudumu hupanda juu ya reli, ikizidi 17 hudumbukia ndani. Behewa likianguka mahali pale pale kila mara, tatizo ni reli. Likianguka behewa lile lile kila mahali, pima umbali kati ya migongo ya magurudumu yake. Uwe 14.4 hadi 14.6.

Chini ya reli weka mpira mwepesi wa soli wanaouza mafundi viatu, unene wa milimita 3 hadi 5, uliokatwa kwa upana wa sentimita 4.5. Gundi ya mbao haiushiki vizuri, tumia gundi ya viatu. Ila gundi hiyo inayeyusha foma nyeupe ya vifungashio, kwa hiyo milima ya foma itakuja baadaye na gundi nyingine.

Kati ya mwisho wa kipande kimoja cha reli na mwanzo wa kinachofuata acha nafasi ya nusu milimita. Reli yenyewe haitanuki sana, karibu theluthi moja ya milimita kwa mita moja joto likipanda nyuzi 20, lakini reli iliyobanana huinua mgongo kwenye kona. Kwenye mpaka wa mbao mbili, chomelea reli kwa risasi juu ya vichwa vya skrubu za shaba, ndipo ukate kwa msumeno mwembamba. Usikate kwanza.

Hatua ya 3: Umeme

Pitisha chini ya ubao waya mbili za 1.5, zile za taa za nyumbani, nyekundu na nyeusi. Kila kipande cha reli kipate waya zake mbili za 0.5 kutoka kwenye hizo kuu. Usitegemee vishikizo vya maungio kupitisha umeme. Vumbi laini linaingia humo, na baada ya miezi michache treni inazima katikati ya njia bila sababu inayoonekana.

Tumia pasi ya kuchomelea ya wati 40 hadi 60 na risasi yenye rozini, siyo asidi. Kwangua ubavu wa nje wa reli, weka pamba yenye maji kila upande, gusa sekunde tatu, ondoa. Ukizidisha, taruma linayeyuka na kipimo kinapotea.

Kabla ya kuwasha, weka mita ya kupimia umeme kwenye alama ya sauti na uguse reli zote mbili. Ikilia, kuna waya umepishana au kipande cha risasi kimedondoka kwenye pointi.

Kidhibiti cha mtumba kutoka Marekani ni cha volti 120. Ukikichomeka kwenye 230 zetu kinaungua palepale. Betri ya volti 12 yenye Ah 7, fyuzi ya ampea 2, kidhibiti mwendo cha mota na swichi ya pini sita ya kugeuza uelekeo vinafanya kazi vizuri kuliko vidhibiti vingi vya bei rahisi, na umeme ukikatika treni haisimami.

Hatua ya 4: Kokoto

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama kazi itafanana na reli au na mtaro. Chukua vumbi la mawe kutoka wanakoponda kokoto. Granaiti ya Dodoma ina rangi inayofaa bila kupakwa chochote. Chekecha kwa chekecheo la unga, kisha kilichopita ukichekeche tena kwa chujio la chai na uchukue kinachobaki juu. Punje ziwe kati ya nusu milimita na milimita moja. Kubwa zaidi zinaonekana kama mawe ya kujengea msingi.

Osha mpaka maji yatoke meupe, anika, kisha pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni mara tatu au zaidi. Mashine za kuponda huacha chembe za chuma, na mota ya treni ina sumaku itakayozivuta zote.

Mwaga kokoto, zisambaze kwa brashi kavu ya rangi, na hakikisha hakuna punje juu ya mataruma wala ubavuni mwa reli kwa ndani. Nyunyiza maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo mpaka zilowe hadi chini. Changanya gundi nyeupe ya mbao sehemu moja na maji sehemu tatu, na udondoshe kwa bomba la sindano.

Hewa yetu hukausha juu kabla gundi haijashuka, ukapata ganda gumu lenye mchanga mtupu chini yake. Kwa hiyo fanya sentimita 30 kwa wakati, jioni, na ufunike kwa nailoni saa mbili. Maji ya kisima yenye chumvi huacha weupe juu ya mawe, tumia ya kunywa. Kwenye pointi punguza gundi, na sogeza ulimi wake kila dakika kumi mpaka ikauke.

Hatua ya 5: Mazingira

Chagua kiangazi. Mibuyu haina majani, kwa hiyo hutengenezi majani. Sokota nyaya za shaba, zivishe karatasi na gundi, shina liwe nene kuliko unavyodhani. Mti wa mita 16 ni sentimita 25. Udongo halisi uchekeche kwa soksi ya nailoni na uupitishe sumaku kama kokoto.

Usafi

Funika ubao kwa shuka kila usipotumika. Reli isugue kwa kitambaa chenye spiriti ya aisopropili, ile ya mafundi simu. Msasa acha kabisa, kwa kuwa mikwaruzo yake hushika uchafu mweusi unaotokana na cheche za magurudumu. Mafuta weka tone moja kwenye ekseli, kwani yanayozidi huchanganyika na vumbi kuwa tope. Magurudumu ya kichwa cha treni yasafishe kwa kulaza karatasi laini yenye spiriti juu ya reli: nusu ya magurudumu yawe kwenye reli tupu ili yapate umeme, nusu yazunguke juu ya karatasi, kisha geuza upande wa pili.