Brokoli kwa mbolea ya punda hapa Lamu: hatua kwa hatua, na ile moja iliyonitoa jasho

Mwaka jana mwezi wa Juni mpwa wangu alinitumia picha kutoka shambani kwake, nyuma ya Matondoni. Miche ya brokoli ilikuwa imeungua ncha za majani kana kwamba imepitishwa juu ya jiko, na nyasi zimeota katikati kwa fujo, nyingi kuliko brokoli yenyewe. Chini ya picha kaandika: "Mjomba, mbolea nimetia tele, mbona yafa?"

Nikamjibu kuwa yafa kwa hiyo tele. Sikumcheka, maana mimi nilipoteza misimu miwili kwa kosa lilo hilo, na wa kwanza nililaumu mbegu. Haya ndiyo niliyomfundisha siku tatu tuliposhinda pamoja shambani. Yatamfaa yeyote mwenye kipande cha mchanga na jirani mwenye punda.

Hatua ya 1: Hesabu msimu kwa kurudi nyuma

Brokoli ni zao la baridi. Joto likipita nyuzi 25 kwa muda mrefu, kichwa hulegea, huchanua mapema, au hakifungi kabisa. Sisi baridi ya kweli hatuna, ila Julai na Agosti, kusi likivuma, ndiyo nafuu yetu. Kwa hiyo kichwa kifunge ndani ya miezi hiyo. Rudi nyuma kutoka hapo: miche iingie shambani katikati ya Juni, mbegu ziwe kitaluni kufika katikati ya Mei, na rundo la mbolea lianze mwisho wa Februari. Ndiyo, Februari. Anayeanza kutafuta mbolea Juni ameshachelewa.

Agroveti waambie unataka mbegu inayostahimili joto. Hata hivyo usitarajie vichwa kama vinavyotoka Kinangop, kule bara kwenye baridi. Nikipata cha ukubwa wa ngumi mbili nashukuru, na wenye hoteli za Shela hununua bila maneno kwa kuwa kimekatwa asubuhi ile ile, hakikusafiri siku mbili kwa lori na boti.

Hatua ya 2: Kukusanya mavi

Hapa punda hatuna uhaba nao. Mwenye punda ukimwambia utamsafishia banda, atakupa na beleshi.

Chukua ya bandani. Ya gatini na ya ufuoni yaache, yamelowa maji ya chumvi na yamejaa vipande vya nailoni. Vaa viatu vilivyofunika mguu, na glavu. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama kama punda na farasi, na jina la ugonjwa lenyewe lina punda ndani yake. Ukiwa na kidonda mguuni, ahirisha. Kama hukumbuki chanjo yako ya mwisho, pitia hospitali kwanza.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie ya ng'ombe. Ya ng'ombe ni nzuri, lakini mimi niko kisiwani. Kila gunia lipakiwe Mokowe, livushwe, lipakuliwe, na mwishowe libebwe na huyo huyo punda ambaye yake unaikanyaga njiani bure. Ya mbuzi nayo nzuri, ila vile vidonge vyake ni vigumu na huchelewa kulainika. Ya kuku ni kali, naiweka kiasi cha debe moja kwa rundo zima, kama chumvi kwenye mchuzi. Na zile mbolea za maji za kwenye chupa, zenye picha ya kabichi kubwa kama gurudumu, pesa yake nunua neti ya kuzungushia shamba.

Hatua ya 3: Kuivisha (usiruke hata mstari mmoja)

Kwanza uelewe ugomvi uko wapi. Ng'ombe na mbuzi hucheua, punda hacheui. Chakula humpita upesi, na mbegu nyingi za nyasi alizokula hutoka nzima. Ukifukia mavi mabichi umepanda nyasi, tena umezitilia mbolea. Halafu mabichi, hasa yaliyoloa mkojo, hutoa amonia, ile harufu inayochoma macho bandani asubuhi. Hiyo ndiyo iliyounguza miche ya mpwa wangu. Na yakiwa na matandiko mengi makavu, wadudu wadogo wanaoyaozesha huchukua kwanza naitrojeni iliyoko udongoni, na mmea unabaki wa manjano pembeni ya chakula.

Dawa ya yote matatu ni moto. Rundo lenyewe lazima lichemke, lifike nyuzi 55 hadi 65 ndani, na likae hapo siku kadhaa.

Msimu wangu wa kwanza nilirundika pembeni, nikaliacha miezi mitatu nikidhani muda ndio unaoivisha. Juu palikuwa peusi, pazuri. Nilipochimba ndani nikakuta pakavu, pana unga mweupe kama majivu. Lilipata moto kidogo, likakauka, likalala. Msimu wa pili nikajifanya mjanja: nikalifunga kwa nailoni gubigubi ili lisikauke, kisha mvua ya Mei ikapenya kwa chini. Nilipofunua, harufu ya mayai viza ilifika hadi kwa jirani. Rundo lisilo na hewa halichemki, linavunda tu. Wiki nzima niliitumia kulitandaza na kulianika, na msimu ukanipita.

Sasa nafanya hivi. Natafuta kivuli cha mwembe, na upande wa kusi nasimamisha kiambaza cha makuti, kwa sababu upepo ule hukausha ubavu mmoja wa rundo wakati ubavu wa pili umeloa. Chini natandika matawi na makumbi ya nazi ili hewa ipite. Juu yake mavi, na katikati ya tabaka natia majani mabichi au makavu kutegemea mavi yenyewe: yakiwa na matandiko mengi, naongeza mabichi, yakiwa matupu na mazito, naongeza makavu. Usiende kwa vipimo vya debe ulivyosoma mahali, angalia ulichonacho.

Rundo lisipungue mita moja kila upande, upana, urefu na kimo. Hili ndilo watu hawaliamini. Rundo la kufika magotini halichemki hata ukilisomea dua, kwa kuwa joto lote hutoroka pembeni. Ukiwa na kidogo, subiri ujaze, halafu upange yote siku moja.

Matumbo ya samaki yanafaa sana, yana naitrojeni nyingi. Yafukie katikati kabisa, juu yake mavi ya kina cha dhiraa moja. Pungufu ya hapo paka wa mji huu watalifukua rundo usiku kucha na wewe utaamka upange upya. Mwani pia unafaa, ila uache upigwe na mvua au uusuuze kwanza kwa maji yasiyo na chumvi. Majivu ya jiko mimi sitii. Bara huyasifu, lakini udongo wetu una chokaa ya matumbawe. Mwagia siki kidogo kwenye udongo mkavu. Ukitoa povu ujue chokaa imejaa, na majivu yataizidisha.

Maji: chukua konzi ya rundo, kamua. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, yamezidi. Yasipotoka kabisa, nyunyiza huku ukipindua, maana ukimwagia juu tu maji hutafuta njia moja yakashuka nayo.

Kipimajoto ukiwa nacho vizuri, mimi natumia kipande cha chuma cha ujenzi. Nakichomeka hadi katikati, naacha dakika kumi, nachomoa na kushika ile ncha. Kama siwezi kuishikilia, rundo linafanya kazi. Kikiwa na uvuguvugu tu siku ya tatu au ya nne, kuna kasoro, na mara nyingi ni ukavu.

Kisha kupindua. Siku ya tano hivi, joto likianza kushuka, pindua kwa jembe uma. Beleshi hapana, linakata na kushindilia, na mgongo utakuuma bure. Na kupindua si kukoroga. Kilichokuwa nje kiingie ndani, kilichokuwa ndani kitoke nje, kwa sababu mbegu za nyasi zilizokaa pembeni hazikuuona moto. Mpwa wangu alikuwa akihamisha rundo lote kutoka hapa kwenda pale, la nje likabaki nje. Nikamwambia, "Hapo umelitembeza, hujalipindua." Rudia kila wiki, mara nne au tano, ukitazama maji kila mara. Machi ni kavu na kali. Nimeshawahi kulinywesha rundo moja mitungi sita ya lita 20 kwa siku.

Moto ukiisha na usirudi hata ukipindua, liache wiki nne hadi sita lipoe na litulie, limefunikwa kwa makuti yanayopitisha hewa na kutelezesha mvua.

Usikubali macho yako yakuambie limeiva. Nalijaribu kwa mikebe. Mkebe mmoja nautia mbolea, wa pili udongo wa kawaida, yote miwili napanda mbegu za mchicha. Ikiota sawasawa, amonia imekwisha. Ule wa mbolea ukigoma au ukiota wa manjano, ngoja wiki mbili ujaribu tena. Mkebe wa tatu natia mbolea tupu bila mbegu, nauloweka na kuuacha siku kumi. Zikichomoza nyasi, rundo halikuchemka vya kutosha, na heri zichomoze mkebeni.

Hatua ya 4: Kitalu

Unajua kusia mbegu. Chini ya makuti, trei au sanduku, wiki nne hadi tano, mche uwe na majani manne au matano. Usiongeze mbolea ya ziada kitaluni.

Hatua ya 5: Kupanda

Mchanga wetu haushiki kitu, mvua moja inashusha chakula chote chini. Ndiyo maana natia debe moja la mbolea iliyoiva kwa kila mita mbili za mraba, naichanganya na udongo wa juu, kisha konzi mbili katika kila shimo. Nafasi kati ya miche sentimita 45, kati ya mistari 60. Panda jioni. Funika udongo kwa majani makavu au makumbi yaliyochambuliwa.

Maji ya kisima yaonje kwanza. Ukihisi chumvi ulimini, usinyweshee miche michanga. Tumia ya mvua kama una jabia au pipa.

Hatua ya 6: Chai ya mbolea

Gunia dogo la mbolea iliyoiva ndani ya pipa la maji, ukorogee kila siku kwa wiki mbili. Zimua mpaka ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Nanyweshea shinani wiki ya tatu baada ya kupanda, na mara nyingine kichwa kinapotokea, kikiwa kama kifungo cha shati. Baada ya hapo basi. Isiguse majani wala kichwa, hicho watu watakila.

Ukikata bua ukalikuta na shimo ndani, mara nyingi mmea umekua kwa pupa kwa naitrojeni nyingi, au umekosa madini ya boroni, ambayo huadimika katika mchanga na katika udongo wa chokaa. Punguza chai, na msimu ujao ongeza mwani kwenye rundo.

Hatua ya 7: Viwavi, punda, na kuvuna

Viwavi vidogo vya kijani hujificha chini ya jani. Kagua kila asubuhi, viponde kwa vidole. Vikizidi, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, chuja, nyunyiza jioni.

Ua uwe imara. Wiki moja kabla ya kuvuna, punda wale wale waliotupa mbolea waliingia usiku kwa mpwa wangu wakala mistari miwili. Asante ya punda ni mateke, huyu kaongeza na meno. Tukasimamisha nguzo za mikoko na neti siku ile ile.

Kata kichwa kikiwa bado kimebana, kabla vitone havijaanza kuachana. Kwa joto letu, leo kimebana, kesho kutwa kina maua ya manjano, kwa hiyo pita shambani kila alfajiri. Mti usiung'oe, utachipuza vichwa vidogo pembeni kwa wiki kadhaa, na majani yake yapike kama sukuma.

Mpwa wangu alivuna vichwa 31 kutoka mistari iliyobaki. Mwaka huu rundo lake amelianza Februari 20, na jana kanitumia picha ya mikebe mitatu dirishani.