Jinsi ya kukadiria mcheri utachanua lini kwa kuhesabu baridi

Usiuhurumie mcheri uliosimama mtupu katikati ya baridi. Matumba ya maua ya msimu ujao yalifanyika tangu majira ya joto yaliyopita, na sasa yamelala. Yana deni la baridi, yaani saa za baridi ambazo lazima yapitie kabla ya kuamka, na deni lisipolipwa, hata joto zuri likija matumba yataamka kwa kusuasua.

Hatua ya 1: Jua deni la mti wako. Aina nyingi za cheri tamu hudai saa 700 hadi 1,200 za baridi. Aina za Minnie Royal na Royal Lee huridhika na saa 200 hadi 400 tu. Anayekuuzia mche muulize jambo hili kabla ya kuuliza utamu wa tunda.

Hatua ya 2: Hesabu saa. Tundika kivulini, mbali na ukuta, kipimajoto kinachorekodi kila saa. Anza majani yakishapukutika. Kila saa yenye joto la kati ya nyuzi 0 na 7.2 za Selsiasi ni saa moja ya baridi. Saa za chini ya sifuri hazihesabiwi, na hapo ndipo wengi hukosea: baridi ya kugandisha hailipi deni. Kama kwenu mchana huwa na joto hata majira ya baridi, tumia hesabu ya Utah, inayohesabu pointi badala ya saa. Ndani yake saa yenye nyuzi 2.5 hadi 9.1 hupata pointi nzima, na nyuzi zikizidi 16 saa hiyo hupunguza pointi ulizokwisha kupata.

Hatua ya 3: Uulize mti wenyewe. Mimi naiamini hatua hii kuliko kipimajoto. Hesabu ikikaribia deni, kata vijiti vinne vya sentimita 30 hivi, kutoka pande tofauti za mti. Hakikisha vina vishada vya matumba manene, ya mviringo; membamba yaliyochongoka ni ya majani. (Mara ya kwanza nilikata ncha za matawi ya mwaka ule, nikangoja maua wiki tatu. Yakatoka majani.) Vitie kwenye maji, chumbani penye mwanga na joto la nyuzi 20 hivi. Kila baada ya siku mbili tatu badilisha maji na ukate vitako upya. Baada ya siku 10 hadi 14, kama nusu ya matumba yamepasuka na kuonyesha kijani au weupe, deni limelipwa. Yakiwa bado yamefumba, kata vingine wiki inayofuata.

Hatua ya 4: Sasa hesabu joto. Japani wana kanuni nyepesi: tangu Februari 1 hujumlisha joto la juu la kila siku, na jumla ikikaribia 600, maua ya sakura, micheri ya mapambo ya huko, hutazamiwa. Imezoeleka zaidi kwa Tokyo, kwa hiyo usiichukue kama ilivyo. Jumlisha kwako hadi mti uchanue, kwa miaka mitatu minne, utapata namba yako.

Hatua ya 5: Soma matokeo. Baridi ikipungua, maua huchelewa, hutoka machache machache kwa wiki kadhaa, na pengine majani huyatangulia. Aina nyingi za cheri tamu hazijichavushi, kwa hiyo mti mmoja ukichelewa na mwenzake ukawahi, matunda hukosekana.

Baridi ikitosha mapema na joto likafuata haraka, mti huchanua wote kwa pamoja, lakini kabla sakitu haijaisha. Tumba linaloanza kuvimba huvumilia hadi karibu nyuzi -8. Ua lililofunguka likipigwa na -2.2 kwa nusu saa, moja katika kumi hufa, kwenye -3.9 hufa tisa. Baada ya usiku kama huo, ngoja hadi mchana, chuma maua kumi uyapasue kwa wembe. Ua likiwa na kitovu cheusi limekufa, hata kama petali zake bado ni nyeupe safi.