Ombi la ruzuku la nyumba salama: anza na bajeti, hadithi baadaye

Kwa miaka tisa nimekuwa nikiandika maombi ya ruzuku ya kuwahudumia manusura wa ulanguzi wa kingono hapa Nairobi. Maombi mengi ninayoombwa kuyapitia yana kurasa nne za machozi na nusu ukurasa wa bajeti. Ligeuze lako. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Karatasi

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024, kwa hiyo hakikisha usajili wako unaendana nayo. Weka pamoja cheti cha usajili, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi), hesabu zilizokaguliwa na sera ya kuwalinda watoto. Basi.

Hatua ya 2: Fuata njia ya mtu mmoja

Hapa ndipo pa kutumia siku nzima. Keti na mlezi wa nyumba, si na mhasibu peke yake, mwandike kila shilingi tangu manusura anapobisha mlango. Anakuja saa saba usiku na slipa zisizofanana, bila mfuko. Andika: teksi, nguo za ndani, sodo, sabuni, simu ya kuwaarifu nyumbani.

Asubuhi ni hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV baada ya kubakwa huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa siku 28. Wengi zinawachafua tumbo, kwa hiyo chakula cha mwezi huo kiandike kama sehemu ya matibabu. Fuatisha nauli ya kupeleka fomu ya P3 (ripoti ya daktari kwa polisi), kisha ushauri nasaha wa mwaka mzima. Vikao vitatu havimsaidii mtu aliyefungiwa chumbani miezi sita.

Halafu kesi. Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Mshtakiwa anayekabiliwa na adhabu hiyo atapigana hadi mwisho. Mwaka wetu wa kwanza tulitenga nauli ya safari mbili za mahakama ya Milimani. Kesi iliahirishwa mara saba, na mlezi wetu akawa anatoa nauli mfukoni mwake. Siku hizi natenga safari kumi kwa kila shahidi, pamoja na chakula cha mchana na mtu wa kumsindikiza.

Jumlisha, kisha zidisha kwa idadi ya watu mnaoweza kuwahudumia kweli.

Hatua ya 3: Dola

Ukiomba ruzuku ya dola, kumbuka kwamba thamani yake hubadilika. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa takriban shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Kodi ya nyumba haikupungua. Piga hesabu kwa kiwango cha chini kuliko cha leo.

Hatua ya 4: Wapi pa kuomba

Umoja wa Mataifa una hazina ya hiari ya waathiriwa wa ulanguzi, iliyoanzishwa 2010 na kusimamiwa na UNODC, ofisi yake ya dawa za kulevya na uhalifu. Hufadhili mashirika yanayotoa huduma moja kwa moja. Sheria yetu ya 2010 nayo iliunda hazina ya kitaifa. Usitegemee mfadhili mmoja: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, waliokuwa na mfadhili mmoja waliumia zaidi.

Hatua ya 5: Sasa hadithi

Aya moja, bila jina, bila mtaa, bila picha. Tuliwahi kutuma picha tuliyoficha uso, na jirani akamtambua dada yule kwa kitenge chake. Ikabidi tumhamishe usiku huohuo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa, na ridhaa anaweza kuiondoa wakati wowote. Mwambie hivyo waziwazi, na kwamba akikataa kitanda chake kipo palepale.

Kabla ya kutuma, msomee aya yake. Wa mwisho niliyemsomea alifuta sentensi mbili, kisha akauliza mbona kwenye bajeti hakuna nauli ya kwenda kumwona mamake. Tuliiongeza.