Namna ya kuwafundisha vijana vile Wanazi walitumia ofisi ya jiji, na vile wananchi walikataa

Kama unaendesha klabu ya historia hapa Bombo au Arua au popote, usianze na Hitler, vijana wakisikia Hitler wanakaa tu kama wako kwa sinema. Anza na karatasi. Uganda hii nani hajapanga foleni ya kitambulisho cha taifa, nani hajamtafuta mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, siku nzima ili ampigie stampu tu? Ingilia hapo.

Chukua mji mmoja tu, mimi natumia Amsterdam, mji wa Uholanzi, nchi iliyokuwa imetekwa na Wanazi wa Ujerumani, maana pale kazi kubwa ilifanywa na makarani wa kawaida. Nunua manila, kata vikadi, kila mtu aandike jina, mtaa, dini, na dini ya babu na bibi wa pande zote mbili. Majina yawe ya kubuni! Usithubutu kuuliza dini au kabila la kweli la mtu, somo litageuka ugomvi na wazazi watakufuata. Weka vikadi kwa boksi, mmoja awe karani.

Halafu pitisha fomu ndogo, "saini hapa kama wewe ni Myahudi au siyo", bila kueleza chochote, na uangalie nani anauliza ni ya nini. Huwa wanasaini tu. Sasa ndio uwaambie kwamba Oktoba 1940 wafanyakazi wa serikali Uholanzi waliletewa fomu ya namna hiyo, karibu wote wakasaini, na Novemba Wayahudi wakasimamishwa kazi. Mwambie karani atoe vikadi vya Wayahudi achore ramani ya mitaa, aweke nukta. Ofisi ya jiji la Amsterdam ilichora ramani hiyohiyo 1941, nukta moja watu 10, na Mjerumani hakushika hata kalamu.

Wakishashtuka, leta waliokataa. Februari 1941 Wanazi walikamata wanaume wa Kiyahudi zaidi ya 400 barabarani, mchana kweupe, na tarehe 25 mji ukagoma, tramu zikasimama. Waandaaji wawili, Willem Kraan na Piet Nak, walikuwa wafanyakazi wa jiji hilohilo, wa barabara na wa usafi, hiyo sehemu usiiruke kabisa. Mgomo ulivunjwa kwa risasi, jiji likapigwa faini, meya akaondolewa.

Kuna kijana atauliza mbona hawakughushi vitambulisho. Walighushi sana, lakini kitambulisho kilikuwa na picha na alama ya kidole na ofisini kuna kadi yako nyingine, wakilinganisha umekwisha. Ndio maana usiku wa 27 Machi 1943 kikundi cha wapinga Wanazi, cha akina Willem Arondeus na Gerrit van der Veen, kiliingia ofisi ya usajili kimevaa sare za polisi, wakawadunga walinzi sindano ya usingizi, wakamwaga kadi chini na kulipua. Wazima moto nao wakachelewa makusudi, wakafika wakamwaga maji kupita kiasi ili moto ukibakiza kitu maji yakiharibu. Vijana hucheka hapo, waache wacheke.

Lakini usiwauzie hadithi tamu. Kadi nyingi zilipona, watu 12 wa kikundi hicho wakauawa kwa risasi Julai 1943, na katika Wayahudi kama 140,000 wa Uholanzi zaidi ya 100,000 waliuawa. Mrudie karani wako umuulize mbele ya wote, wewe Jumatatu ungeacha kazi aje mwingine mwenye bidii kukushinda, au ungebaki upoteze kadi mojamoja? Wagombane, usiamue wewe.

Wakitaka safari wapeleke Nyabyeya kule Masindi, kuna kanisa na makaburi ya wakimbizi wa Poland wa miaka ya 1940, ila waeleze mapema kwamba wengi wa wale walihamishwa kwa nguvu na Wasovieti, siyo Wanazi, watu wanachanganya sana hapo.