Umebaguliwa kazini kwa ulemavu au kabila lako? Hivi ndivyo unavyothibitisha

Wengi wanaobaguliwa kazini huku Nyanda za Juu wanaanza malalamiko na "bosi ananichukia tu", na hapo kesi inakuwa imeshalegea, maana hakuna anayeweza kuufungua moyo wa bosi mbele ya mwamuzi. Sheria wala haikudai hivyo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinakataza kumbagua mtu kwa rangi, kabila, mahali alikotoka, ulemavu na mengine kibao, na ukishaleta ushahidi wa awali kwamba ubaguzi upo, mzigo unahamia kwa mwajiri, yeye ndo athibitishe haukutokea au sababu ilikuwa nyingine. Na hata kama uliomba kazi tu ukanyimwa, kinakulinda.

Sasa huo ushahidi wa awali unaupataje? Tafuta wa kulinganishwa nao. Chukulia dada anafungasha chai kiwandani Mufindi, mguu mmoja una ulemavu, miaka yote anafanya kazi amekaa kwenye stuli, anakuja sapavaiza mpya anaiondoa, baada ya wiki mbili barua inasema ameshindwa kufikia kiwango. Huyu asiishie kusema wamemwonea kwa sababu ya mguu. Alete rekodi za kilo alizofungasha kabla stuli haijaondolewa na baada ya hapo, aonyeshe nani mwingine alishuka kiwango mwezi uleule na hakuandikiwa barua, amlete aliyemsikia sapavaiza akisema "hapa hatutaki watu wa kukaakaa", aliyesikia kwa masikio yake siyo aliyesimuliwa. Halafu apange tarehe: stuli lini, kauli lini, barua lini. Zikikaa hivyo kwa mfuatano, bosi ana maswali ya kujibu.

Naye atajibu kwamba kazi yenyewe inadai kusimama. Jiandae, maana sheria inakubali kwamba sifa ambayo kazi haiwezi kwenda bila hiyo siyo ubaguzi. Mbona miaka yote alikaa na chai ikafungashwa? Hilo ndo swali la kumbana nalo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 pia inamtaka mwenye wafanyakazi 20 kwenda juu aajiri watu wenye ulemavu asilimia 3, muulizeni anao wangapi, ingawa hiyo peke yake haithibitishi kwamba wewe ulibaguliwa.

Kuthibitisha ubaguzi wa kabila na asili ni kugumu zaidi, hakuna anayeandika kwenye barua "hatukuchukui kwa sababu umetoka Makete". Hapo angalia mwenendo, nani wanapandishwa cheo na wana sifa gani ukilinganisha na zako, tunza tangazo la kazi, vyeti vyako na majibu ya usaili kama uliyapata. Meseji za wasapu usifute, na usilete skrinshoti ya mstari mmoja uliokatwa, tunza na simu yenyewe, namba na tarehe zionekane, maana utaulizwa imetoka wapi na kama haijachezewa.

Muda ndo unaoua kesi nyingi, inauma sana kuona mtu ana haki kabisa ila kakaa kusubiri bosi abadilike. Kama umeachishwa kazi una siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, migogoro mingine siku 60. Ukichelewa lazima uombe kuongezewa muda kwa sababu za maana. Unajaza fomu namba 1, nakala unampelekea mwajiri na unabaki na uthibitisho kwamba kapokea. Kwenye fomu andika ubaguzi waziwazi na wa aina gani, ukiandika kuachishwa tu halafu mbele ya mwamuzi ndo unaleta habari za ulemavu, utaambiwa haikuwemo kwenye madai. Unaweza kwenda na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi au wakili, na wasaidizi wa kisheria wanasaidia wasio na uwezo.

Mnaanza na usuluhishi, na mara nyingi hapo ndo bosi anataja hela. Kupatana siyo vibaya, ila omba usomewe makubaliano yote kabla ya kusaini, kiasi, tarehe ya kulipwa, na kama unaachia madai yote au sehemu tu, kwa sababu ukishasaini yanakufunga.