Ninavyoipima dawa ya mionzi ya picha za moyo

Vijana wanaonitembelea hapa Moshi huanza na swali lilelile: mzee, dawa ipi inatoa picha safi? Nawaambia washike saa kwanza. Tuseme dawa imetoka Dar, na gari linatumia saa 9 kufika huku. Teknesiamu-99m hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo utapokea kama theluthi ya ulichoagiza. Flurpiridazi yenye florini-18, ambayo nusu yake ni dakika 110, itabaki kiasi cha sehemu moja ya 30. Amonia ya naitrojeni-13 ina dakika 10 tu. Chalinze hujaiona, imekwisha. Rubidiamu-82 ndiyo usiseme: sekunde 76. Jenereta yake, yaani kifaa kinachoizalisha dawa papo hapo, hukaa palepale alipolala mgonjwa. Teknesiamu nayo ina jenereta, unaikamua asubuhi kama ng'ombe, na molibdenamu iliyomo, inayoizaa, hupungua nusu kwa saa 66.

Ukishajua itafika, uliza inavyonywewa na misuli ya moyo. Aliyekulia kihambani anaujua mfongo, mfereji wa kumwagilia migomba. Maji yakija taratibu, udongo unayanywa. Ukifungulia yote, mengi yanapita migombani bila kuzama. Thaliamu-201 hunaswa kama asilimia 85 damu inapopita mara moja, sestamibi kama 65, tetrofosmini nusu na kidogo (hizi mbili ndizo hushikanishwa na teknesiamu), flurpiridazi zaidi ya 90. Mgonjwa akikimbizwa kwenye mashine, damu inaongezeka kasi, na dawa isiyonasa vizuri inashindwa kuifuata. Matokeo yake, eneo lenye mshipa uliobanwa kiasi linafanana na lililo zima. Kwangu hapa ndipo penye maksi nyingi, kuliko hata umri wa dawa. Ila thaliamu usiikimbilie kwa sababu ya hiyo 85: mionzi yake ni hafifu kwa kamera, na inamwachia mgonjwa dozi kubwa zaidi.

Kisha angalia inakojificha. Sestamibi hutoka mwilini kupitia ini na nyongo, na ini likiwaka kwenye picha, ukuta wa chini wa moyo hausomeki. Subiri lipungue ndipo upige picha.

Mwisho ni usafi wa chupa yenyewe. Sestamibi huchemshwa dakika 10 ndani ya maji yanayotokota. Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo usiibie hata dakika moja. Tetrofosmini haihitaji jiko. Zote mbili zipime kwa karatasi ya kipimo kabla ya sindano, uone teknesiamu imeshikana na dawa kiasi gani. Chini ya asilimia 90, mwaga kwenye pipa la mionzi.

Mimi niliwahi kuiruka karatasi hiyo, foleni ilikuwa ndefu. Kwenye skrini tumbo liling'aa kama taa ya bajaji, moyo hauonekani: teknesiamu haikushikana na dawa. Yule mama tulimwita tena baada ya siku mbili. Alikuja, na parachichi za kwao mkononi, akaniuliza, "Leo umepika vizuri, baba?"