Jinsi ya kuandika hadithi ya majini bila kukosea maji

Naanza na aibu yangu ili tuelewane. Miaka kadhaa nyuma niliandika hadithi ya fantasia, binti mmoja anaamka asubuhi ya mwezi mpevu, anashuka kwenye mikoko, saa tano anapiga mbizi kutoka kwenye mzizi wa mkoko na anazama mpaka kwenye mji wanakoishi majini. Niliipenda sana hiyo sehemu, huko chini peke yake niliandika kurasa nne, taa za lulu, milango inayojifungua, nini na nini. Nikamsomea mjomba wangu ambaye kavua maisha yake yote hapa Tanga. Akasikiliza kwa adabu, alafu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mjomba, mwezi mpevu saa tano asubuhi? Huyo binti kapiga mbizi kwenye tope."

Na kweli. Pwani yetu hii mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na kukupwa kwenyewe kunaangukia mida ya saa nne saa tano, kujaa ni saa kumi kumi hivi. Mtoto yeyote wa pwani anajua hilo. Mi mwenyewe nilikuwa najua, ndo kinachouma, nilijua ila nilikuwa naandika nimejifungia chumbani na kichwani kuna picha za bahari za kwenye sinema.

Basi tangu hapo nina utaratibu wangu, nauandika hapa kama ulivyo, we chukua kinachokufaa. Msingi wake ni huu tu: msomaji atakubali jini, zimwi, mji unaoelea, chochote, ila umpe kitu kidogo cha kweli cha kushika mkononi. Na hicho kitu kidogo ukifate nje kwa miguu yako.

Anza na kusoma

Chukua hadithi moja ya maajabu unayoipenda, usichukue mpya. Mara ya kwanza isome kwa raha zako. Mara ya pili soma na penseli, pembeni ya kila kitu kisichowezekana duniani weka A, pembeni ya kila kitu ambacho hata jirani yako angekitambua weka K. Ukimaliza angalia ukurasa, utashangaa K zilivyo nyingi.

Mi nilifanya hivyo na utendi wa Fumo Liyongo, ule ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo ni pande la mtu lisilopigika, hakuna silaha inayomuingia isipokuwa sindano ya shaba ya kitovuni. Hiyo ni A kubwa kabisa. Lakini sasa angalia kinachoizunguka. Kafungwa gerezani, mama yake anataka kumpelekea tupa akate minyororo, anafanyaje? Anatengeneza mkate wa wishwa, yaani pumba, anaificha tupa humo ndani, kwa sababu walinzi wanakula vyakula vizuri vyote njiani na mkate wa pumba wanauona takataka, wanamwachia mfungwa. Hapo mtu unacheka kwa sababu hao walinzi unawajua, hao wapo hata leo. Alafu kuna ile ya makoma, maadui wanaandaa kikoa cha kula makoma, yaani matunda ya mkoma, kila mtu kwa zamu yake apande mkoma aangushe, mpango ni kwamba Liyongo akiwa juu wamfume mishale. Yeye zamu yake ilipofika hakupanda, akayaangusha makoma kwa mshale akiwa chini. Ile njama haina maana kama hujui mkoma ni mti mrefu na mtu aliye juu yake hana pa kukimbilia. Na mwisho anakufa kapiga goti pale kisimani, mshale umevutwa kwenye upinde, watu wa mji wanamwona wanadhani mzima wanaogopa kusogea, na maji hawana. Kifo cha shujaa kinapimwa kwa ndoo tupu! Mi hapo kila nikisoma nanyamaza kidogo.

Kwa hiyo mkate wa pumba, tunda la porini, kisima. Hivyo vitatu ndo vinambeba jitu lote lile.

Shaaban Robert naye, ambaye ni wa hapa hapa Tanga, kazaliwa Vibambani 1909, nchi yake ya Kusadikika kaiweka angani lakini ukiingia ndani unakuta baraza, mashtaka, mshtakiwa anajitetea siku baada ya siku. Mambo tunayoyajua mpaka tunayachoka.

Sasa toka nje

Hapa ndo wengi wanaharibu. Wanaenda "kutafuta msukumo", wanapiga picha ishirini, wanarudi. Picha haisaidii sana jamani, picha inakumbuka yenyewe badala yako. Chukua daftari dogo na penseli. Penseli, sio kalamu, wino ukipata maji ya chumvi umekwisha. Zamani daftari nilikuwa nalitia kwenye mfuko wa plastiki, tangu mifuko ipigwe marufuku 2019 natumia kopo la siagi lenye mfuniko na kusema kweli ni bora zaidi.

Kama unaenda mikoko, na nakushauri uende, iwe hapa Tanga au Pemba au Lamu au Rufiji, angalia mwezi kwanza kisha muulize mvuvi. Fika maji yakiwa bado yanatoka, masaa mawili hivi kabla hayajafika mwisho wa kukupwa. Vaa raba za kufunga kamba ambazo huzipendi tena, kandambili tope litazila, na pekupeku usijaribu kwa sababu chaza wameng'ang'ania kwenye mizizi na wanakata kama wembe. Mti usikate hata kijiti. Na mtu aliyebaki nyumbani mwambie umeenda wapi na utarudi saa ngapi, maji yakianza kurudi hayana mjadala.

Alafu kaa. Mahali pamoja, dakika arobaini, simu mfukoni. Dakika kumi za kwanza hakuna kitu, tope tupu na harufu ya yai viza na mbu, utajiona mjinga. Ni kwa sababu kila chenye macho kilikuona unakuja kikaingia shimoni. Kwenye dakika ya kumi na tano hivi anatoka kaa mmoja, alafu sita, alafu tope lote linatembea. Kuna wale wadogo madume wana gando moja kubwa kuliko mwili na jingine dogo la kulia chakula, lile kubwa wanalipunga juu chini kama mtu anaita bodaboda. Kuna vile visamaki vinavyoruka ruka kwenye tope nje ya maji na macho yao juu ya kichwa. Vunja adabu kidogo na ulambe jani la mchu, aina moja ya mikoko, lina chumvi, mti unaitoa chumvi kwa kupitia majani, ukiangalia kwa karibu inametameta. Na mizizi ya huo mchu imesimama kutoka kwenye tope kama penseli elfu zimechomekwa, inavuta hewa.

Ila kilichonishika mimi siku niliyoenda ni mbegu ya mkoko. Haianguki kama mbegu nyingine. Inaota ikiwa bado kwenye mti mama, inaning'inia kijani, ndefu, nyingine inafika hata nusu mita, ncha inaangalia chini. Nilikuwa nimekaa karibu nao, nikasikia "chwap". Moja imeanguka na imesimama wima kwenye tope hatua mbili kutoka mama yake. Kwenye daftari niliandika hivi tu: inaning'inia, ndefu kama mkono wangu toka kiwiko, chwap, imesimama. Ikiangukia maji yamejaa inaelea, inaondoka, itaota huko itakakofika.

Hiyo ndo aina ya notisi unayotaka. Sauti, kipimo cha mwili wako mwenyewe, kitu kilifanya nini. Usiandike "pazuri sana", baada ya wiki hiyo sentensi haikwambii chochote.

Huna bahari karibu? Sawa tu. Nenda kwenye shamba la katani. Mkonge unachanua mara moja maishani, unatoa mlingoti mrefu kuliko nyumba, alafu unakufa, na vitoto vyake vinaota huko huko juu kwenye mlingoti kisha vinadondoka. Nani angebuni hiyo? Au panda kwenye msitu wa Amani kule Usambara, kuna kinyonga dume ana pembe tatu usoni. Au kaa tu kwenye dampo la mtaani asubuhi uwaangalie korongo.

Kugeuza daftari kuwa hadithi

Siku hiyo hiyo, kabla hujaoga ikiwezekana, andika ukurasa mmoja. Mmoja tu. Usiediti. Mi naandika kwa mkono kwanza kwa sababu kwenye laptopu naanza kupanga panga fonti.

Alafu chukua kitu kimoja kati ya ulivyoona, kimoja, na ujiulize maswali mawili. Je ingekuwa watu ndo wako hivi? Na ingewagharimu nini? Swali la pili ndo lenye hadithi. Mi nilichukua ile chwap, nikasema majini wangu wanazaa hivyo, watoto wananing'inia kwa mama mpaka bamvua ifike, wanaoanguka maji yamekupwa wanakulia nyumbani, wanaoanguka maji yamejaa wanaelea kwenda, hakuna anayejua wapi. Kwa hiyo kila mama jini anaangalia mwezi kwa hofu. Utaona sijabuni kitu hapo, nimebadilisha tu mti ukawa mama.

Na ile hadithi yangu mbovu ya kupiga mbizi, nilipoirudia baada ya kuchekwa, sikuhamisha saa ili maji yawepo. Nilifikiria kuhamisha, ningeandika saa kumi yaishe, mjomba anyamaze. Lakini nikaacha saa tano na nikaacha tope. Binti anafika, bahari haipo. Kwa hiyo anatembea. Nikaona basi sheria ya mji wenyewe iwe hiyo, ardhi ile masaa sita ni ya bahari na masaa sita ni ya majini, na ukiingia zamu yao una muda mpaka maji yarudi. Milango ya lulu yote nikaifuta. Kosa la maji ndo lilinipa uti wa mgongo wa hadithi, nilikuwa nao tangu mwanzo sikuuona.

Kwenye kuediti mimi nina adui mmoja, neno "ajabu". Nalitafuta na nalifuta, pamoja na "ya kutisha" na "isiyoelezeka". Kama haielezeki unaandika ya nini. Mfano drafti ya kwanza ilikuwa hivi: "Alitembea katika msitu wa ajabu wenye kutisha, moyo ukimwenda mbio." Sasa hivi iko hivi: "Kandambili ya kushoto ilibaki kwenye tope. Alipogeuka kuichukua shimo lilishajaa maji, na kaa amekaa juu yake kama amekalia kiti." Mbaya au nzuri mtasema nyie, ila angalau hapo kuna kitu kinatokea.

Majina nayo. Jamani tuache kuwaita wafalme wetu majina yanayoishia na "-dor" na kuwapa farasi kwenye theluji. Kama umekulia Makambako unaijua baridi, andika hiyo baridi. Mimi majina nayatoa kwenye vitu vya pale pale, kuna jini wangu anaitwa Bamvua na mdogo wake Maji Mafu, kama yale maji ya kati ya bamvua na bamvua yasiyojaa wala kukupwa sana, naye ni mvivu.

Ukimaliza drafti ya pili ifungie. Mi nasubiri kutoka bamvua mpaka bamvua, ni kama siku kumi na nne au kumi na tano, inatosha kuisahau. Ukiirudia isome kwa sauti kwa mtu mmoja anayejua mambo ya kwenye hadithi na mtoto mmoja asiyejua chochote. Mtoto atakuuliza kwa nini hakukimbia, na mara nyingi huna jibu. Yule mjuzi usimwambie "ni hadithi tu", ukishasema hivyo umefunga mlango wako mwenyewe. Mwandishi mwenzio muache kwanza, atakusifia sentensi.

Mjomba nilimsomea tena mwezi uliopita, toleo jipya, na tope na watoto wanaoning'inia na kila kitu. Safari hii hakucheka. Akamaliza kahawa, akauliza, sasa hizo siku za maji mafu, ambapo bahari haitoki vizuri na ile ardhi haiachwi wazi, hao majini wanakaa wapi na wanakula nini? Nikamwambia sijui. Akasema maji mafu ni Jumamosi, njoo na kopo lako.